Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kichujio

Kwa Mheshimiwa Kichujio,
Ukurasa wa Kutafuta Kumbukumbu,
Ofisi ambayo jina lake nalihifadhi.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA NIPO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa korosho, mkazi wa Msimbati, mkoani Mtwara. Nakuandikia kwa unyenyekevu, maana kwa tamko lako rasmi, "Hakuna kumbukumbu iliyopatikana", barua hii imeandikwa na mtu asiyekuwapo. Uniwie radhi kwa usumbufu.

Kwanza nakupongeza kwa msimamo. Nilipojitafuta kwenye ukurasa wako, nilijaza mkoa, wilaya, kata, zao na jina. Ukataka vyote vitimie kwa pamoja, na kimoja kilipopishana ukanitupa mzima mzima. Hata mahakamani mshtakiwa husomewa kosa lake. Wewe hukutaja ni kigezo gani kilichoniangusha.

Jiografia yako nayo ni ya kupigiwa mfano. Huku tunaishi karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini, penye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Jirani yangu mvuvi akachagua "Ruvuma" na "uvuvi wa baharini". Ukampeleka Mkoa wa Ruvuma, kwa wenzetu wa Songea, ambao maji yao makubwa ni Ziwa Nyasa. Alipojirekebisha akaandika "Mtwara", ukamuuliza: Mtwara ipi? Manispaa, halmashauri ya wilaya au mkoa? Na Nanyamba ilipomegwa kutoka Mtwara Vijijini ikawa halmashauri ya mji, hakuna mkorosho uliohama. Lakini kwako kaka aliyeandikishwa kabla bado yuko Mtwara, mdogo wake aliyeandikishwa baadaye yuko Nanyamba, na shamba ni lile lile la baba yao.

Kwenye majina ndiko unakong'ara zaidi. Kusini tunaitwa Saidi, Hamisi na Mohamedi. Karani mgeni anaandika Said, Khamis na Mohamed. Kijiji kizima kinajua kuwa huyo ni mtu mmoja. Wewe unawaona wawili, kisha unatangaza kuwa hata mmoja hayupo.

Ila kubwa kuliko yote ni nafasi iliyoachwa wazi. Edgar Codd wa IBM, aliyeeleza mwaka 1970 namna ya kupanga kanzidata kwa majedwali, baadaye alisisitiza kuwa nafasi tupu maana yake ni "haijulikani". Si sifuri, wala si "hapana". Nawe umeishika kanuni hiyo kwa namna yako: ukiambiwa "nipe wote isipokuwa wa Newala", yule ambaye wilaya yake haikujazwa humweki Newala, wala humweki nje ya Newala. Unamwacha kimya kimya. Aliyesahau kujaza ni karani, anayekosa ni mkulima.

Usidhani tunaogopa kuchujwa. Mwishoni mwa mwaka 2018, Serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa: shamba liko wapi? Kilo zilizopelekwa ghalani zinalingana nalo? Waliosakwa ni watu wa kangomba, wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya kutupa. Wengi walilipwa mwaka uliofuata, na manung'uniko yalikuwa mengi. Lakini mhakiki ni mtu. Akiwa na shaka unaweza kumwongoza hadi shambani akajionea mikorosho kwa macho yake. Wewe, Mheshimiwa, nikuongoze kwa lipi?

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Jibu likiwa sifuri, taja kigezo kilicholeta sifuri hiyo.

(b) Nikichagua kata za Msimbati na Madimba, nipe wa Msimbati pamoja na wa Madimba. Usimtafute mtu mmoja mwenye makazi ya kudumu kote kuwili.

(c) Wenye nafasi tupu wawekewe orodha yao, ipelekwe kwa watendaji wa vijiji ijazwe.

(d) Ukiulizwa Saidi, mlete na Said, atakayesoma aamue.

Mama anayechekecha unga hutazama kilichobaki kwenye chekeche kabla ya kukimwaga. Nawe tazama. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiivamia mikorosho wakati wa maua hauulizi nani amesajiliwa, na dawa ya salfa ikimchelewa aliyeachwa nje ya orodha, msimu umekwenda. Basi kabla ya msimu wa kupulizia, waamuru walio nyuma yako wabandike orodha ya walioachwa kwenye kila ofisi ya kijiji, kila jina na sababu yake, na waache muda wa kutosha wa kukata rufaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima Asiyepatikana,
Msimbati, Mtwara.