Sumaku ya Mjomba

Mjomba wangu ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa zamani, na hakuna gari lililonunuliwa katika ukoo wetu bila kuguswa nayo. Huipitisha juu ya bodi taratibu, kichwa kakiinamisha, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ikinasa, chini ya rangi kuna bati. Isiponasa, kuna puti, na penye puti paliwahi kugongwa.

Siku tuliyokwenda Tegeta kuiona Mazda RX-8, sumaku ilinasa paa, ikanasa milango ya mbele. Ilipofika kwenye boneti ikadondoka. Mjomba akaiokota, akaiweka tena, ikadondoka tena. "Hili limevunjwa uso mzima," akaninong'oneza, "usionyeshe kama umeona." Kisha akamgeukia dalali, akaonyesha yeye. Tulikatiwa milioni moja kwa ajili ya boneti ile, na dalali alikubali haraka kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu angeondoka palepale.

Fundi tulikuwa naye pia. Ni fundi wa Noah na Carina, mtu mwaminifu, simlaumu mpaka leo. Alichungulia, akahesabu plagi nne, akatangaza: "Silinda nne, plagi bado mpya." Nami nilikwisha kuona kwenye kadi kwamba injini ni ya cc 1,300, nikampigia simu mke wangu kumwambia kwamba mafuta litakunywa kama Vitz.

Injini ile haina silinda nne. Haina pistoni hata moja. Ni ya mtindo wa yule Mjerumani, Felix Wankel: ndani mna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka, kila kimoja na plagi zake mbili. Kwenye ncha za pembe hizo kuna vizibo vyembamba, na vikichakaa, injini imekwisha. Kila chuma kina nyuso tatu, kwa hiyo mgandamizo hupimwa kwa kifaa maalumu kinachosoma kila uso peke yake. Kipimo cha gereji zetu husoma ule mkubwa tu, kama mzazi mwenye watoto watatu shuleni anayetangaza matokeo ya mmoja.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa chochote: zima gari likiwa la moto, subiri kidogo, liwashe tena. Sisi hatukupata nafasi hiyo kwa sababu ya ukarimu. Tulilikuta linaunguruma. Tukalizunguka likiunguruma, tukahesabiana fedha likiunguruma. "Ingieni ndani wazee wangu, jua kali, AC ipo," dalali alisema, na Mjomba akamsifu kwa malezi mema.

Lilizimwa kwa mara ya kwanza kwenye sheli, nijaze mafuta. Halikuwaka. Nyuma yangu kulikuwa na daladala, bajaji mbili na mzee mwenye Prado aliyekuwa akipiga honi kwa zamu na kuniuliza kama hilo ndilo gari la mbio. Tulilisukuma pembeni. Baada ya dakika arobaini likapoa, likawaka kama si lenyewe.

Mengine niliyajua kidogo kidogo. Kwamba injini hiyo, hata ikiwa nzima, hunywa oili kwa makusudi ili kulainisha vile vizibo, kwa hiyo kijiti cha oili nilikichomoa mara nyingi kuliko mswaki. Kwamba haipendi kuwashwa ya baridi na kuzimwa papo hapo: asubuhi moja nililisogeza mita mbili kulipisha gari la maji, nikazima, plagi zikalowa petroli, na fundi akaja kwa bodaboda kuzikausha. Kwamba milango ya nyuma haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. Hili nililijua nikiwa na mama mkwe kiti cha nyuma, mimi nimeshashuka na kufunga mlango wangu, naongea na simu. Vitz? Wapi! Mafuta lilikunywa kama lori.

Na boneti? Boneti ilikuwa nzima kabisa. Mazda waliitengeneza kwa alumini ili gari liwe jepesi, na alumini hainaswi na sumaku. Katika gari zima, kitu pekee tulichokitilia shaka ndicho kilichokuwa hakina kasoro. Mjomba hajakubali. Anasema milioni ni milioni.

Mwezi uliopita nilitangaza kuliuza. Akaja kijana mmoja, peke yake, hana fundi wala sumaku. Nilikuwa nimeliwasha tangu saa mbili, AC imejaa ndani, nikamfungulia mlango. Hakuingia. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikia joto, akatabasamu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Naomba ulizime, tukanywe chai hapo dakika kumi."