Bando la Kuonea Jiji

Jirani, nipishe kidogo hapo kwenye benchi nikae. Halafu usiniulize Dar kukoje. Tangu jana Tunduma nzima inaniuliza Dar kukoje. Fundi viatu kaniuliza. Mama wa maandazi kaniuliza. Hata yule kijana anayebadilisha kwacha, ambaye siku zote salamu yangu haitikii, jana kaacha wateja kanifuata: "Mzee, jiji umeliona?" Nimeliona. Nimeona mgongo wa Sanamu ya Askari, na nimeona Kigamboni pale pantoni inapotia nanga. Basi.

Ngoja nikuhadithie mwenyewe, maana mama Neema akihadithia anaongeza chumvi. Kwanza kabisa anaanza kucheka kabla hajafika Mbezi.

Mtoto wa shemeji alikuwa anaolewa Dar, mwezi wa sita. Kadi ya mchango ilifika mapema sana, ya mwaliko ikachelewa, ndivyo kadi zilivyo. Nikasema safari hii siendi bure. Nina miaka 52. Nimezaliwa hapa mpakani, bei ya unga Nakonde naijua kuliko wenye duka, lakini Dar nilikuwa nimefika mara mbili tu na zote kwenye msiba. Msibani jiji hulioni. Unaona turubai, unaona sufuria, unageuza. Safari hii nikataka kutalii kama watalii. Kofia. Chupa ya maji. Simu imening'inia shingoni.

Kosa langu ni mdomo. Nikamwambia kijana wa steshenari. Akaniambia mzee, siku hizi kwenye majiji makubwa watu hawaendi hivi hivi, wanakata pasi. Nikamwambia pasi ninayo, ile ya kuvukia Zambia. Akacheka mpaka karatasi ikakwama kwenye printa. Mteja aliyekuwa anatoa kopi naye akacheka. Hata hakuwa anatusikiliza.

Akanieleza. Ulaya, anasema, unalipa mara moja, unapewa kadi, unaingia huku unatoka kule mpaka muda wako uishe. Paris kuna ya makumbusho, ya saa 48, ya 96 na ya 144. London unanunua siku, kuanzia moja mpaka kumi. Rome wana ya saa 48 na ya 72, lakini hiyo ukiwa na haraka itakuumiza: ile ndogo inakupa makumbusho moja tu bure, ile kubwa mawili, kwingine unapunguziwa tu bei. Nikamkatisha.

"Kumbe ni bando!"

"Ni bando, mzee."

Hapo nikajiamini, jirani, nisikufiche. Bando nalijua. La siku nalijua, la wiki nalijua, la usiku nimeliamkia saa tisa nikaangalia mpira wa nchi hata siijui ili MB zisilale. Mtu wa kunifundisha bando hajazaliwa. Kijana akaendelea kunieleza, eti cha kuangalia ni bando linaanza kuhesabu lini. La Paris linaanza pale unapoingia makumbusho ya kwanza, hata kama ulilinunua zamani. La London wanahesabu siku za kalenda, ukilianza saa kumi jioni siku nzima imeliwa. Tena akasema kitu kimoja: muuza bando hashibi kwa unachotumia, anashiba kwa unachoacha. Nikawa naitikia, eeh, eeh. Ukweli nilikuwa naangalia foleni ya malori. Kuna dereva alikuwa amemvunja mwenzake kioo cha pembeni, na wanatukanana kwa lugha tatu. Wewe ungemsikiliza nani?

Kuhusu Dar akaniambia yeye kadi ya jiji zima hajawahi kuiona. Kule unalipia getini, mahali kwa mahali, na Mtanzania bei yake ni ndogo, mgeni ndiye anayekamuliwa. Nikamwona hajui kutafuta. Nikatafuta mwenyewe kwenye simu, usiku, miwani sina. Nikampata jamaa.

Jamaa alikuwa na vifurushi vitatu. Silva, sehemu tatu, shilingi 25,000. Goldi, sehemu sita, 50,000. VIP, sehemu kumi, 80,000. Nikachukua daftari la madeni la dukani kwangu nikapiga hesabu. Silva, kila sehemu ni 8,333. Goldi hivyo hivyo. VIP ni 8,000 kamili. Kumbe nikichukua VIP naokoa shilingi 333 kila ninapokanyaga! Mara kumi, 3,330. Nikamwamsha mama Neema nimwambie tumeokoa 3,330. Akauliza tumetoa ngapi. Huyu mwanamke anapenda kuharibu mambo.

"Kaka yangu anaishi huko miaka ishirini," akasema. "Atashindwa kutuonyesha bahari?"

Nikamwambia kaka yako ni mwenyeji, na mwenyeji haoni kitu. Kumbuka neno hilo, nitakuja kulilipia.

Alhamisi saa tatu asubuhi nikatuma hela. Ya kwangu peke yangu, mama Neema alikataa, akasema yeye anakwenda kwa harusi. Ujumbe ukaingia hapo hapo: "Hongera! Kifurushi chako cha VIP, saa 24, kimewashwa." Nikafurahi. Nikamwonyesha fundi viatu. Nikamwonyesha mama wa maandazi. Kimewashwa! Saa nane mchana tukapanda basi.

Umeiona hesabu? Hongera. Mimi niliiona Kigamboni.

Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Na pale Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi, karibu kilomita 50 hivi, mtu akipita mchana anaona tembo, twiga, pundamilia, hajashuka kwenye kiti na hajalipa senti. Sisi tulipita kama saa saba usiku. Twiga sijui walikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimelalia bega la mtu wa Makambako, na asubuhi akaniomba hela ya kufulia koti.

Tukaingia Stendi ya Magufuli, pale Mbezi, saa kumi na mbili alfajiri. Shemeji kaja kutupokea. Na kijana wa VIP kaja, kashika karatasi yenye jina langu, limekosewa. Nikaagana na mama Neema kama ninayekwenda Ulaya. Hela zote za noti nikamkabidhi, maana Dar nimesikia kuna vibaka. Nikabaki na simu na kofia.

VIP yenyewe ilikuwa IST. Kioo cha nyuma hakishuki. Tukaingia foleni ya Morogoro Road, na foleni ikatuingia sisi. Kimara lisaa. Kijana mara anaangalia saa, mara ananiangalia mimi. "Mzee, ulilipia jana saa tatu eeh?" Nikasema ndiyo, mimi ni mtu wa kuwahi. Akanyamaza. Tukafika Ubungo, akanionyesha zile barabara za juu, ngazi tatu. "Hii ni Kijazi, ilizinduliwa 2021. Hiyo ni sehemu ya kwanza." Sehemu ya kwanza! Tumepita chini yake, jirani, kama panya. Mbele kidogo akanyoosha kidole kulia: "Njia ile inakwenda Kariakoo, soko la kihistoria. Sehemu ya pili." Nikageuza shingo. Niliona daladala na mtu anauza miwani.

Posta tukafika saa mbili na robo. Sanamu ya Askari iko katikati ya mzunguko, mahali pa kuegesha hakuna, tukaizunguka mara moja na nusu. Kijana ana maelezo, nisimdhulumu. Anasema imewekwa 1927, na ile singe ya bunduki inaelekea bandarini. Kabla yake pale alisimama Mjerumani, Wissmann, Waingereza walipoingia 1916 wakamng'oa. Nikamwambia simama nipige picha. Nyuma wakapiga honi nane. Picha ninayo, hii hapa, ona. Mgongo.

Nikauliza Makumbusho ya Taifa. Hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Yale mambo ya Zinjanthropus, yule aliyechimbuliwa Olduvai 1959, nimemsoma darasani nikachapwa kwa kushindwa kuandika jina lake. Kijana akasema hapo karibu tu, ila hawajafungua. Nikasema tusubiri. Akasema tukisubiri utakosa kruzi.

Kruzi! Kwenye tangazo iliandikwa "Kruzi ya Bahari ya Hindi", na picha ya meli nyeupe, na Mzungu kashika glasi. Basi, tukashuka Feri. Pale soko la samaki limechangamka, mnada unaendelea, watu wanatajiana bei kama wanagombana, maji ya samaki yanatiririka. Mimi nimevaa viatu vyeupe vya harusi. Sasa hivi si vyeupe. Nikawa natafuta meli. Kijana akanishika mkono tukaingia kwenye kundi la watu, geti likafunguliwa, tukasukumwa, nikajikuta nimesimama juu ya chuma kati ya bodaboda na mkokoteni wa nanasi. Pembeni yangu bibi mmoja na ndoo ya samaki, na mjukuu wake wa kike, wa miaka kumi hivi.

Nikamnong'oneza kijana: kruzi inaanza saa ngapi?

"Mzee, tuko ndani yake."

Nikamwuliza yule bibi, taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Mama, nauli hapa wanatoza ngapi?"

"Mia mbili, baba. Wewe umelipa ngapi?"

"Hiyo hiyo."

Mjukuu akanitazama kofia, akanitazama chupa. "Babu, umetoka wapi?" Nikasema Songwe. Mtoto macho yakamtoka. "Songwe! Kwenye Kimondo cha Mbozi! Kile cha tani nyingi! Tumekisoma!" Watu wakageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Dar kuna mtu ananiheshimu. Ningefanyaje?

"Umekigusa?"

"Mara nyingi."

"Kina joto au baridi?"

"Joto. Kimetoka juu, lazima kiwe na joto."

"Kilianguka lini?"

"Muda kidogo," nikasema. "Mimi nilikuwa mdogo."

Mtoto akamwangalia bibi yake. Halafu akaniangalia mimi, kwa huruma kabisa. "Mwalimu alisema hakuna anayejua kilianguka lini, ni zamani sana, maelfu ya miaka. Ila wataalamu walianza kukiandika 1930. Na karibu chote ni chuma, na nikeli kidogo." Dereva wa bodaboda akadakia, "Kumbe mzee ndiye Zinja mwenyewe! Mnamtoaje makumbusho asubuhi yote hii?" Pantoni nzima ikacheka. Mwenye nanasi akacheka. Kijana wangu wa VIP, ninayemlipa mimi, akajishika kwenye reli asidondoke baharini kwa kucheka.

Jirani, njia panda ya Kimondo naipita kila nikienda Mbeya. Tangu niko mgongoni kwa mama. Sijawahi kushuka. Nimekuwa nikisema kile ni chuma, kitaondoka kwenda wapi.

Tunateremka ng'ambo, simu ikalia. "Kifurushi chako cha VIP kimekwisha muda wake. Asante kwa kututumia. Nunua tena!" Saa tatu kamili asubuhi. Sekunde hazikuzidi. Kijana akasoma juu ya bega langu, akasema pole mzee, yeye ana mteja mwingine huku huku Kigamboni, kwa hiyo tuagane. Nikamwuliza nitarudije. Akanionyesha pantoni.

Mia mbili sina. Noti ziko kwa mama Neema, kwenye simu nimebakiza shilingi 41. Nikasimama pale na kofia yangu. Yule bibi alikuwa ameshatembea mbele, akageuka, akaniona, akaweka ndoo chini. Akafungua fundo la khanga. Akanipa sarafu ya mia mbili. Hakusema kitu. Mtoto ndiye aliyesema: "Babu, ukirudi ukakiguse vizuri, ni baridi."

Jioni nafika kwa shemeji kwa miguu, nimeulizia njia mitaa minne, namkuta mama Neema kapumzika, kanyoosha miguu. Mchana kaka yake aliwapeleka makumbusho. Kaona fuvu. Kaona magari ya viongozi wa zamani, kapiga picha pembeni ya Rolls-Royce, mkono kiunoni. Hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo liliniuma. Aliiweka tu ile picha wosapu, mpaka leo ipo. Nikamwuliza mlilipa ngapi getini. Akanitajia. Haifiki bei ya sahani ya wali kuku. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi ndiyo Dar hiyo. Sehemu zangu nyingine zimebaki kule kwa yule jamaa, nadhani ndizo anazokula. Niwekee chai, andika kwenye daftari. Na wewe ukienda, pantoni ya Kigamboni ni shilingi 200 kwenda na shilingi 200 kurudi. Ya kurudi itenge kabisa mfuko mwingine.