Bariyeri Ina Mwenyewe, Shimo Halina

Nyoo! Sogeeni, ndugu zangu, benchi hili bado linabeba watu. Nani kati yenu hajaliona hili? Kamba imekazwa kati ya miti miwili, kijana ameketi kwenye kigoda kivulini, na mbele yake amesimama mtu wa baiskeli na magunia mawili ya mchele, jasho limemtiririka hadi kisiginoni. "Karatasi ya sekta iko wapi? Ya mazingira? Ya usafi?" Mtu anatoa franka, kamba inalegezwa, anapita. Hajaenda mbali anatumbukia, yeye na baiskeli na mchele wa watu, kwenye shimo lililokuwa pale tangu mvua za mwaka juzi. Sasa zunguka Kasongo nzima uulize shimo lile ni la nani. Bariyeri ina mwenyewe, ina karatasi, ina hata muhuri. Shimo halina baba wala mama. Loo!

Mimi sina ugomvi na kodi. Mji usiolipa kodi hauchimbi hata mtaro. Kinachonichoma ni kwamba serikali inatujua tukipita, tukikwama haitujui tena. Mwaka 2008 nchi yetu ya Kongo iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na pesa zake zinakatwa kwenye mafuta na kwenye malipo ya njiani. Haya, mafuta yanatufikia hapa kwenye madumu, yamefungwa nyuma ya pikipiki, juu ya barabara ambayo haijawahi kunusa lami. Anayeyanunua kwa bei ya kutisha ni nani? Ni mimi na wewe, ni fundi wa kinu, ni muuguzi mwenye friji ya chanjo.

Angalieni njia ya Kindu. Kindu ndiyo mji mkuu wa jimbo letu tangu Maniema ilipotengwa na Kivu mwaka 1988, na kutoka hapa ni kama kilomita 240. Mwambie mtu wa Nairobi umbali huo, atakuuliza kama utarudi kula chakula cha jioni. Huku kwetu mtu akiaga kwamba anakwenda Kindu, shangazi zake wanakuja kumtazama usoni. Masika ndiyo usiseme: pikipiki inabebwa na abiria wake. Halafu, baada ya matope yote hayo, unafika Alunguli, mji mkuu unauona kwa macho yako ng'ambo ya Lualaba, taa zinawaka, na daraja hakuna! Ungoje kivuko au upande mtumbwi, uwe na homa, uwe na jeneza, uwe na mimba ya miezi tisa. Reli nayo, ile ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, iliyojengwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia, inapita ng'ambo hiyo hiyo kupitia Kibombo na Samba. Mtu wa Kasongo lazima kwanza avuke mto ndipo aanze kuingoja treni, na huko Samba hakuna anayeuliza itafika saa ngapi. Wanauliza mwezi gani.

Siku moja nilikuwa nalia hivi hivi, mzee mmoja wa Kabambare aliyekuja kuuza karanga akanikatiza. "Mwanangu, wewe unalia na ubwabwa mdomoni!" Akaanza kueleza habari za kwao, kijiwe kizima tukanyamaza. Kule Salamabila, ndani ya teritwari ya Kabambare, kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza kuizalisha kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa ajili ya ukosefu wa usalama. Mitambo mikubwa kama nyumba ilifika Namoya, jamani! Ilipita wapi? Kumbe barabara zinaweza kupatikana pale dhahabu inapoita. Mama mwenye uchungu wa uzazi akiita, wanakuja vijana wanne na kitanda cha miti mabegani. Mzee alisema hivyo taratibu, akafunga mfuko wake wa karanga, na hakuna aliyethubutu kumwomba bei ya chini.

Na msinianzie ile hadithi ya fahari ya zamani! Nimeichoka. Kila jioni lazima atokee mmoja wa kutukumbusha kwamba Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Eti askari wa Mbelgiji Dhanis walipoingia mwezi Aprili 1893 walishangaa. Ni kweli walishangaa. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, aliandika kuhusu magodoro ya hariri, vitanda vya kuchonga vyenye vyandarua, mishumaa, sukari na viberiti. Vijana wanasikia hayo wanatikisa vichwa, "Aaa, huu ulikuwa mji!" Aka! Hariri ile ilitembea kwa miguu ya nani kutoka pwani? Pembe zilikwenda kwa mabega ya nani, na waliozibeba wangapi walirudi? Hapo jirani Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliwaona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja na samaki na vyungu vyao. Bibi zetu hao. Wengine wanarukia upande wa Mbelgiji: yeye, wanasema, alitunza barabara. Alizitunza kwa fimbo, na alitulimisha pamba kwa lazima tangu enzi za vita vya kwanza. Mimi nataka barabara ambayo mtu huru ameilipia na anaweza kuidai.

Lakini tunamdai nani? Hapa ndipo ninapopiga ulimi hadi unauma. Katiba ya 2006 ilisema komune, sekta na cheferi zijiendeshe. Sheria ya Oktoba 2008 ikapanga kazi zake, pamoja na mabaraza ya kuchaguliwa na wananchi. Tumepiga kura 2006, tukapiga 2011, tukapiga 2018, tukapiga tena 2023. Tulichagua rais, tukachagua madepite wa taifa na wa jimbo. Madiwani je? Tarehe 20 Desemba 2023 ndipo nchi ilipopiga kura ya madiwani wa komune kwa mara ya kwanza tangu katiba hiyo, nayo ilifanyika katika komune za miji mikuu ya majimbo tu. Kasongo tukatazama. Kabambare wakatazama. Mkuu wa teritwari anateuliwa na rais, analetwa, anahamishwa kabla hajajua maji ya mvua yanapita wapi. Yule aliye karibu na shimo letu hatuna kura naye hata moja. Aliye Kinshasa, ambaye hatalikanyaga shimo hili maisha yake yote, ndiye tunayepanga foleni tangu alfajiri kumchagua!

Na watu nao, yoo! Kampeni ikifika, anakuja mgombea ambaye sura yake tuliisahau, anashuka kwenye gari kabla ya tope ili apigwe picha akitembea ndani yake. Kitenge hiki hapa, chumvi hii hapa, fulana yenye kichwa chake hii hapa. Anatoa salamu kwa Kikusu, kwa Kizimba, kwa Kibangubangu, na kila kundi linapiga vigelegele kana kwamba limejengewa hospitali. Kesho yake tumekaa hapa chini ya mwembe tunagombana kuhusu Tshisekedi, Kabila na Katumbi hadi mate yanakauka, watu wawili hawaamkiani wiki nzima. Uliza kwenye benchi hilo hilo nani anajua mwaka huu sekta imekusanya pesa ngapi. Utasikia jogoo wa jirani tu.

Kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, ni vilevile. Nani hajaona? Kila mtu anafagia mbele ya mlango wake vizuri kabisa, halafu takataka zote zinasukumwa mtaroni, kwenye mtaro mmoja tuliobakiwa nao. Mvua inanyesha usiku, maji yanaingia ndani ya nyumba za watu wa chini, magodoro yanaelea. Asubuhi wote tunailaani serikali. Serikali ina makosa yake mengi, lakini yale maganda ya ndizi hayakutoka Kinshasa.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya nikae hapa leo. Kuna mama mmoja wa mchele, anatoka vijijini, kila wiki anapita bariyeri zile zile. Mama huyu hakutupa karatasi ya malipo hata moja. Zote ziko ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimekunjwa vizuri, ya zamani chini, mpya juu. Kampeni ya mwisho alikwenda nalo mkutanoni, akamkabili mgombea, akamuuliza pesa hizi zimelala wapi. Mgombea akamshukuru sana, akasema suala hilo atalifikisha Kinshasa. Mama akajibu, "Baba, mimi sikulipa Kinshasa. Nililipa hapo kwenye mti." Watu walicheka, ngoma ikapigwa, akasukumwa pembeni.

Hakukata tamaa, Mungu ambariki. Jumatatu anakwenda ofisi ya sekta na kopo lake, na wenzake wa sokoni wameahidi kumsindikiza, kila mmoja na karatasi zake. Wanataka kuonyeshwa daftari: iliingia ngapi, ikatoka ngapi, ilitengeneza nini. Ila karatasi zimeandikwa Kifaransa, na wao hawakisomi. Wanatafuta mtu wa kuwasomea na kuwajumlishia kabla ya siku hiyo. Haya, hapa benchini nani alimaliza sekondari? Nyoosheni mikono, ndugu zangu, msitazame chini.