Ushuru Wenu, Hasara Yetu
Barua ya wazi kwa Msajili Mkuu wa Ardhi, Ardhi House, Nairobi

Mheshimiwa,

Pokea kwanza shukrani za wanunuzi wa nyumba nchini Kenya. Ofisi yako ndiyo inayotunza daftari la ardhi, ndiyo inayotoa cheti cha upekuzi, ndiyo inayochapa hatimiliki na kuipiga mhuri. Serikali nayo hutoza ushuru wa stempu kabla ya uhamisho kusajiliwa, asilimia 4 ya thamani ya mali ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Baada ya kutufanyia makubwa yote hayo, mmetuachia kadogo tu: kujua kama mliyoyaandika ni kweli.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaitaka mahakama ikubali hati kuwa ushahidi wa umiliki, kisha kinaruhusu ipingwe iwapo ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njama za ufisadi. Hakisemi ufisadi wa nani. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitusaidia kusoma, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kipo Nyali, karibu na ufuo. Mwaka 1989 kiligawiwa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo, kisha kikauzwa, na baadaye kikauzwa tena. Mahakama iliamua kwamba ugavi ule wa kwanza ulikuwa na kasoro, kwani ardhi ilikuwa ya umma, na mnunuzi wa mwisho hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo mnunuzi wa leo, ambaye huenda mwaka huo alikuwa hajazaliwa, anatakiwa ajue kilichopitishwa serikalini wakati ule.

Nitaambiwa natetea wanyakuzi. La hasha. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa wakubwa, na ufuo wa umma ni haki urudi kwa umma. Ninachouliza ni kwa nini aliyeidhinisha aende zake na pensheni, na aliyemwamini abaki na deni la benki.

Nitaambiwa pia kwamba mnunuzi asiye mwangalifu amejitakia. Haya, awe mwangalifu. Amweke wakili wake mwenyewe, asimtumie wa muuzaji. Amlete savea ayatafute mawe ya mpaka, awaulize majirani, adai historia ya umiliki tangu ugavi wa kwanza, aone ridhaa ya mwenzi wa muuzaji, na pesa zake zisipite mkononi mwa dalali. Ni ushauri mzuri, na anayeupuuza asije kulia. Utamfichua tapeli anayejifanya mwenye shamba. Lakini hautafichua jalada lililochomolewa kabatini mwenu, wala ukurasa uliobadilishwa na mwenye ufunguo. Mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, ulikuja kutuondolea majalada yanayopotea. Tatizo ni kwamba kompyuta husema ilicholishwa. Uongo wa zamani sasa unasomeka vizuri zaidi, basi.

Hoja ya mwisho ni kwamba hazina itafilisika mkianza kutulipa. Lakini kifungu cha 81 cha sheria hiyohiyo tayari kinampa haki ya fidia anayeumia daftari linaporekebishwa, au nakala yenu mliyoithibitisha inapokuwa na kosa, mradi si yeye aliyesababisha madhara kwa hila au uzembe. Robert Torrens alipoanzisha usajili wa ardhi Australia Kusini mwaka 1858, mfuko wa fidia ulikuwa sehemu ya mpango wake. Kama nyinyi mnaolijua daftari mnaogopa kulidhamini, mnataka sisi tusiolijua tulidhamini kwa nini?

Tunaomba basi mchague. Ama tengeni sehemu ya ushuru wa stempu iwe mfuko wa kumlipa mnunuzi aliyetimiza tahadhari zote, ama chapeni onyo juu ya kila hati, kama lile la pakiti za sigara, kwamba serikali haijui kama karatasi hii ni ya kweli. Na mkichagua onyo, futeni ushuru.

Jibu lije kwa maandishi, limepigwa mhuri. Tutalifanyia upekuzi.