Muulize Mjomba Bampa: Gari Lisilo na Namba Usoni

Safu hii hupokea shida za magari, na shida za nafsi zinazojificha nyuma ya magari. Mjomba aliendesha lori njia ya Tunduma kabla ya kuhamia Houston, na hana cheti cha ushauri kutoka popote.

Mjomba, shikamoo. Nipo Dallas. Baada ya miaka 9 ya kubeba boksi usiku, nimenunua gari la Kijerumani, jeusi, linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu mlangoni mwake. Vibao vya namba vilikuja viwili. Cha nyuma nimefunga. Cha mbele, nikikiangalia kisha nikaiangalia na ile pua ya gari, moyo unakataa. Fundi anataka kutoboa bampa kwa drili! Kwa hiyo kibao kimelala kwenye buti. Wenzangu ninaokunywa nao chai baada ya Ijumaa wananihakikishia Texas ilishafuta faini. Mwingine anasema nikiegemeze kwenye kioo cha mbele, inatosha. Mke wangu hasemi kitu, ananitazama tu. Nifanyeje?
Mpenda Sura

Marahaba, Mpenda Sura. Hao wenzako wa chai si waongo, ila habari yao imechacha. Mwaka 2011 bunge la Texas lilikuwa linapanga upya sheria za usajili wa magari, na katika kuhamisha vifungu huku na kule, kifungu cha adhabu kikadondoka njiani kama gunia lililofungwa vibaya. Sharti la vibao viwili likabaki, adhabu yake haipo. Watu wakastarehe. Mwaka 2013 wabunge wakarudi kuokota gunia lao: faini isiyozidi dola 200. Wenzako waliondoka kilingeni hadithi ikiwa nusu.

Huyo wa kioo naye amechelewa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Jinai ya Texas, ambayo kwa kesi za jinai za jimbo hilo ndiyo yenye neno la mwisho, iliamua kesi ya dereva aliyesimamishwa kwa sababu kibao chake kilikuwa ndani ya kioo cha mbele. Majaji wazima na majoho yao wakakaa kufasiri neno "mbele". Wakaona mbele ya gari ni ile sehemu inayotangulia kufika, kwa kawaida bampa. Nimewahi kuwaona wazee wakibishana mchana kutwa shamba la minazi linaishia wapi, lakini gari linaanzia wapi, hilo sikulijua kuwa ni kesi.

Sasa nikuambie la ndani. Dola 200 zisikunyime usingizi. Ukikifunga kibao kabla ya siku yako ya kwanza mahakamani, hakimu anaweza kuifuta kesi kwa ada isiyozidi dola 10. Gharama yenyewe ni zile taa nyekundu na buluu zinazokuja nyuma yako. Mwaka 1996, katika kesi ya Whren, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema askari akiona kosa la barabarani, hata liwe dogo namna gani, anaruhusiwa kukusimamisha, na mahakama haitamchimba moyo kujua alikuwa anatafuta nini hasa. Sasa wewe unapita mbele yake na pua tupu. Kama alikuwa na hamu ya kujua nani yumo ndani ya gari jeusi linalong'aa, umempa ruhusa kwa mkono wako.

Yalinipata mimi. Kibao changu kililegea, nikakitoa ili nikifunge jioni. Jioni hiyo ilichukua miezi 3. Usiku mmoja natoka harusini, kwenye buti kuna sufuria la pilau, na gari zima linanukia udi, maana mke wangu alikuwa amejifukiza kwelikweli. Askari akataja kibao mara moja, basi, hakukirudia tena. Akauliza natoka wapi, naenda wapi, na harufu hii ni ya nini. Jaribu wewe kumweleza mtu udi saa 6 za usiku kando ya barabara kuu, kwa Kiingereza, mikono iko juu ya usukani. Nikasema ni mti. Akauliza mti gani. Nikasema ni mti tunaouchoma, kisha tunajifukiza moshi wake. Pembeni yangu nikasikia mke wangu akivuta pumzi kama mtu aliyeona nyoka. Tulikaa pale muda mrefu sana. Niliondoka na tiketi ya kibao, na pilau limepoa.

Na hiyo bampa haina haja ya kutobolewa. Chunguza vizuri pua ya gari lako, magari mengi ya Kijerumani yana kifuniko kidogo upande mmoja wa bampa. Ukikibandua utakuta tundu lenye hesi, mahali pa kuingizia ndoano ya kuvutia gari likiharibika. Vipo vishikio vya kibao vinavyojifunga humohumo. Kibao kitakaa upande kidogo, kama kofia ya kijana anayekwenda kuposa. Mkeo amelijua jibu siku nyingi, usimsumbue kwa kumwonyesha barua hii.

Mwanangu Bampa, hujambo. Mimi ni mama mtu mzima, nipo Chumbageni, Tanga. Mwanangu wa pili yuko Pittsburgh. Kaniletea picha kaegemea gari lake, na mbele, pale penye namba, pameandikwa MAMA, na maua pembeni. Nikafurahi, nikamwonyesha jirani. Jirani kavaa miwani, katazama, kasema gari lisilo na namba mbele ni la magendo. Tangu siku hiyo watu wananipa pole kama nimefiwa.
Mama Asiyelala

Shikamoo mama. Lala. Huko Marekani kila jimbo lina sheria yake ya magari, na majimbo kama 20 hayadai namba ya mbele. Pennsylvania ni mojawapo, pamoja na Florida, Georgia, Michigan na Arizona. Serikali ya jimbo humpa mtu kibao kimoja tu, cha nyuma, na pale mbele anaweka apendacho: timu ya mpira, jina la chuo alichosoma, bendera. Wako kakuweka wewe, mama. Wengi ninaowajua wameweka nembo ya klabu.

Jirani mwambie hivi, kwa upole: zile bodaboda zinazomfikisha Ngamiani kila siku hazina namba mbele, na hajawahi kushuka kwa kuogopa magendo. Akizidi, mwombe kijana akuletee picha ya nyuma ya gari, namba ionekane. Ila na yeye mwenyewe aingie kwenye picha hiyo, wasije wakasema kaliuza.

Mjomba, nipo Columbus, Ohio, gari langu lina kibao cha nyuma peke yake. Nahamia Houston kwa kaka. Nikivuka mpaka wa Texas watanikamata?
Mhamiaji wa Pili

Hawana sababu, kijana. Ohio iliacha kudai kibao cha mbele tangu tarehe 1 Julai 2020, ingawa polisi walilalamika kwamba kinawasaidia kutambua magari. Utah nayo ikaacha 2025. Mgeni huendesha kwa vibao vya kwao. Lakini umesema unahamia, na mhamiaji Texas ana siku 30 za kusajili gari, atapewa vibao viwili, na kuanzia hapo rudi ukasome jibu la Mpenda Sura. Hapa Houston nina jirani ambaye yuko "matembezini" mwaka wa nne sasa. Karibu, lakini usije ukatembea hivyo.

Mjomba, hivi ni kweli yule tajiri wa simu za Apple alikuwa anaendesha California bila namba kabisa, mbele wala nyuma? Kama yeye aliweza, mimi na Corolla yangu ya 2009 tunashindwa nini?
Mjanja, Oakland

Ni kweli. Steve Jobs alijulikana kwa Mercedes yake ya rangi ya fedha isiyo na kibao. Sheria ya California wakati huo ilimpa mwenye gari jipya hadi miezi 6 kabla ya kuweka vibao, na inasemekana kila miezi hiyo ikikaribia kwisha alibadilishiwa gari jingine kama lile. Kuanzia tarehe 1 Januari 2019 mwanya huo umezibwa: gari jipya linatoka kwa muuzaji na kibao cha muda cha karatasi.

Wewe umesema una Corolla ya 2009. Ungeanza kuibadilisha lini?

Funga kibao, Mjanja. Kwenu huko kosa hili mara nyingi huandikiwa tiketi ya kurekebisha: unakifunga, askari anatia saini kwamba amekiona, unalipa dola 25. Kwa fedha hiyohiyo unapata bisibisi na skrubu, na bisibisi inabaki yako.