Sifa za Nyungunyungu, Mheshimiwa wa Chini ya Mgomba

Itifaki yote ikizingatiwa. Wakulima wa chai, wazee wa kijiji, akina mama wa chama, vijana wa bodaboda hapo stejini Litein: nimesimama kumsifu kiumbe ambaye hajawahi kuketi meza kuu. Hana cheo, hana koti, hana uti wa mgongo, ingawa kwa hilo la mwisho baadhi ya wanaoketi meza kuu hawamzidi. Namsifu nyungunyungu.

Najua mtaguna. Huku kwetu kila chenye thamani kimeshapata msifu wake. Chai imesifiwa mpaka ikaota kiburi. Ukitoka Kericho kwenda Sotik inakusindikiza pande zote mbili za barabara, imepunguzwa kichwa sawasawa kama iliyotoka kwa kinyozi. Mursik, maziwa yetu ya mgando, nayo ina heshima zake: mwanariadha akirudi na dhahabu, kibuyu huinuliwa kabla hajafikisha mguu nyumbani. Nyungunyungu ana nini? Ana jembe la mtoto linalomtafuta Jumamosi asubuhi, na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia wa kumbebea.

Tuanze na gharama zake, maana hapo ndipo wafanyakazi wengi hutushinda. Hana macho, hana masikio, hana meno, hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, mradi ngozi iwe na unyevu. Chakula chake ni majani yaliyooza na udongo anaoumeza na kuusaga katika firigisi yake mwenyewe. Anakula tulichotupa, anatuachia mbolea, wala haulizi bonasi itatoka lini. Mfuko wa mbolea ya 26:5:5 unaomwagwa kwenye chai hukatwa kwenye malipo ya majani. Nyungunyungu hajamkata mtu hata senti.

Nyumbani kwake pia kuna amani ya kuonewa wivu. Kila mmoja ni mume na ni mke. Wakikutana wawili, wote wawili huenda zao kutaga mayai. Hakuna wazee wa kutumwa, hakuna ng'ombe wa mahari wa kuhesabiwa upya, hakuna shangazi aliyenuna jikoni. Na wale watoto wanaoamini kwamba ukimkata katikati unapata wawili, waambiwe ukweli: kipande chenye kichwa huenda kikaota mkia mpya, lakini kile kingine ni maiti.

Kama mnataka shahidi aliyesoma, yupo. Charles Darwin, aliyeutikisa ulimwengu kwa habari za asili ya viumbe, alitumia uzee wake kuchunguza nyungunyungu, na kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kiliwahusu wao. Aliwapigia kelele, wasijali. Akaweka vyungu vyao juu ya piano, akabonyeza noti nzito, wakazama mashimoni mara moja: sauti hawakuisikia, ila mtikisiko uliwafikia. Kisha akapiga hesabu kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila ekari kila mwaka. Tani 10, bila trekta na bila mkopo. Mwaka uliofuata Darwin alifariki.

Lakini hapa kwetu cheo chake kikubwa ni chambo. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, hata watu waliolelewa kwa maziwa na kimyet, yaani ugali, walijikuta wakiwatazama ngege na kambare machoni. Kambare ana sharubu, na sharubu zile hazikuwekwa kwa urembo; anazitumia kupapasa matope gizani mpaka amfikie nyungunyungu. Hapo ndoano inamaliza mazungumzo.

Wakubwa wa enzi ya ukoloni walijaribu kumkwepa. Mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Uskoti na kutiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua, na baadaye mito mingine ya baridi nchini ikapata wake. Bwana aliwavua kwa ndoano iliyofungwa manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu, naye kasimama majini kwa mabuti yanayofika mapajani. Ufundi wote ule, ili tu asiguse nyungunyungu kwa vidole vyake! Trauti mwenyewe hana ubaguzi wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kasoro moja ya nyungunyungu, ambayo nitaitetea. Mvua ikipiga usiku, nyungunyungu hujitembeza njiani bure, kuku wakashiba. Ikifika Januari, jua likakausha hata ukingo wa bwawa, unachimba mpaka kiuno kinakulaumu na humwoni. Ameshuka chini, akajikunja fundo ndani ya kishimo alichokipaka ute wake, amelala mpaka mvua irudi. Mnamwita mvivu. Mimi nasema ndiye pekee kijijini aliyejua kiangazi kinakuja na akajiandaa.

Anayemtaka kiangazi basi amhifadhi mapema, na cha mvunguni sharti uinamie. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 20, ukate upande mmoja, utoboe chini kwa msumari uliopashwa moto. Tia udongo wa chini ya mgomba na samadi iliyopoa. Mbichi hupata joto na kumchemsha mgeni wako. Mlishe maganda ya ndizi na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Ndiyo, mheshimiwa naye hunywa chai, baada yetu. Chumvi, ndimu na pilipili asivione. Funika kwa gunia lililoloweshwa, weka kivulini nyuma ya zizi. Ukifumbata udongo wake na kuukamua, litoke tone moja au mawili. Ukibubujika, atakosa hewa na kutoroka usiku. Mwisho, usimamishe mtungi juu ya mawe ndani ya karai la maji, kwa sababu siafu hawaombi ruhusa.

Tazameni basi: kivuli, chakula, maji ya kipimo na ulinzi wa usiku kucha. Wangapi kati yetu wanahudumiwa hivyo? Nasikia mtu akisema kwamba mwisho wa heshima zote hizo ni kutundikwa kwenye ndoano. Ni kweli. Ila waulizeni waliowahi kushangiliwa kwenye mikutano ya hadhara kama mwisho wao ulikuwa tofauti sana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya nyungunyungu huoza, na kuoza kwake ndiko utajiri. Chimbeni katikati ya chai na mtampata kwa nadra, kwa kuwa chai hupenda udongo mchachu na yeye haupendi. Chimbeni penye samadi, penye mgomba na sukuma wiki, mtamkuta amenenepa. Hakukimbia kazi, alikwenda panapompa riziki, jambo ambalo vijana wetu walioko Nairobi wanalielewa vizuri.

Ombi langu ni dogo. Samadi isiachwe ikachukuliwa na mvua hadi mtoni, irudisheni shambani. Na siku mtakayomchimba kwa ajili ya ndoano, mtazameni karibu na kichwa. Mwenye mkanda mnene mwilini ni mtu mzima anayezaa. Huyo mrudisheni mtungini, mchukue wasio na mkanda. Chambo cha mwaka ujao kimo ndani ya mkanda ule.