Sifa za Skurubu ya Pampu

Waswahili hatuna uchoyo wa sifa. Bibi harusi tunamsifu hata kama tumemjua jana, marehemu tunamsifu hata kama tulikuwa tunamdai, na mgombea tunamsifu tangu siku fulana inapotufikia hadi inapopauka. Lakini tangu nizaliwe sijamsikia mtu akisimama kuisifu ile skurubu ndogo iliyo nyuma ya pampu ya dizeli, inayokaa gizani imefunikwa na grisi na vumbi, ambayo kwa robo ya mzunguko tu humgeuza msukuma mkokoteni kuwa rubani. Leo nasimama mimi. Haki hiyo ninayo, maana nimeilipia.

Nianze na nasaba. Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake pale Augsburg mwaka 1897, mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyogandamizwa, na kompresa ya kuigandamiza ilikuwa zigo lisilofaa kupakiwa kwenye gari. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi akasajili wazo la kuutumia moshi unaotoka uzungushe feni ya kuingiza hewa, na huyo ndiye babu wa turbo. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutoa kwa wingi pampu iliyosukuma mafuta bila kompresa, na dizeli ikapata njia ya kuingia barabarani. Wazee hao walihangaika miongo mitatu ili mafuta yaingie kwa kipimo. Skurubu yetu ni kitindamimba wao na, kama vitindamimba wengi, imekuja kufungua walichofunga wakubwa.

Pampu ninayoisema ni ile aina ya VE ya Bosch, ambayo fundi huikuta kwenye Land Rover 300Tdi na kwenye dizeli nyingine nyingi za zamani. Plunja moja hugawa mafuta kwa silinda zote. Ukiikaza skurubu, inasukuma wenzo ulio ndani, na plunja inaendelea kusukuma kidogo zaidi kabla mafuta hayajaachiwa. Silinda zote nne hupata nyongeza kwa pamoja, bila kujuana wala bahasha. Nitajieni ofisi inayogawa hivyo.

Sifa yake ya kwanza ni unafuu. Kiwanda kiliipa 300Tdi nguvu za farasi 111 kutoka sentimita za ujazo 2,495. Ukitaka farasi wengine kwa njia ya heshima, utaambiwa ununue intakula kubwa, bomba pana la moshi na klachi ya kuhimili mshindo. Skurubu haikuagizi kitu dukani. Inataka spana moja, bisibisi moja, na fundi wa kuinama dakika tano. Mara nyingi kiwandani waliifungia kwa lakiri, bila shaka kwa wivu.

Sifa ya pili ni kuchukia israfu. Injini ya petroli ukiizidishia mafuta hukohoa na kulegea. Dizeli ni kiumbe kingine: huvuta hewa yote inayoipata, na nguvu zake hupimwa kwa mafuta inayopewa, kwa hiyo kila mlo hewa hubaki. Skurubu ikiona hewa imebaki sahanini huongeza mboga. Kwa hesabu, kilo moja ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Ila injini huanza kufuka kabla ya kufikia mpaka huo, maana mafuta hayapati muda wa kukutana na hewa yote. Wanaoona aibu huuita moshi ule uchafu. Mimi nauita bendera: kila apitaye ajue kwamba hapa kuna mtu ameongeza nguvu, na kwamba hakutumia fedha nyingi.

Nilivyoifahamu ni hivi. Pikapu yangu, ya mwaka 1996, ilianza kugoma milimani. Nikaipeleka eneo la Gerezani kwa fundi mmoja. Akaiwasha, akainamisha sikio kama mkunga, akasema, “Bosi, gari haina ugonjwa. Ina njaa.”

“Dawa yake?”

“Robo tu. Robo tu, utakuja kuniambia.”

Kabla ya kuizungusha akaomba kitu cha kuwekea alama. Kwenye gari nilikuwa na rangi ya kucha ya mke wangu. Fundi akachora mstari mwekundu. “Ukiona haikufai, tunarudi hapa.”

Siku ile daladala ziliniona mgongo. Lakini utamu wa robo una tabia ya nyongeza ya mshahara: mwezi wa pili hautoshi. Nikarudi. Robo nyingine, mstari mwingine. Nikarudi tena, na mara hii fundi hakuuliza. Alininyooshea mkono tu nimpe rangi.

Ndipo shemeji akanipa mabati nimpelekee Iringa. Ruaha Mbuyuni nikanywa chai kati ya mafungu ya vitunguu, nikaanza kupanda mlima wa Kitonga. Malori yalikuwa yanatambaa mwendo wa kinyonga. Nikakanyaga mafuta. Nikalipita la kwanza, nikalipita la pili, mahali ambapo mtu mwenye akili hapiti baiskeli. Kwenye kioo mlima ulikuwa umetoweka, kumebaki wingu. Utingo wa lori la tatu akanipungia mkono, nami nikampungia kwa unyenyekevu wa bingwa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananionyesha moshi.

Kona mbili mbele, mshale wa joto ukalala upande wa kulia, mvuke ukatoka, nguvu zikakata. Nikaweka mawe nyuma ya matairi na kukaa juu ya jiwe la tatu. Malori yakanipita moja moja, kwa adabu. Dereva mmoja mzee akapunguza mwendo, akachungulia: “Pole, mwanangu. Haraka yote ile ilikuwa ya kuja kukaa hapa?”

Hapo mtu mwenye roho nyepesi angeanza kuilaumu skurubu. Mimi naiona sifa yake ya tatu, ukarimu: hutoa bila dhamana, bila fomu, bila mdhamini. Wenzetu wa mikopo ya kausha damu wameiga kwake. Tofauti ni kwamba wao hukufuata nyumbani, wakati skurubu hukungoja mlimani, ukiwa na mzigo, ambapo huna pa kukimbilia.

Gari lilivutwa hadi Iringa, injini ikafunguliwa. Gasketi ilikuwa imeungua na hedi imepinda. Fundi wa kule akashika mpira mnene unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini, akaufungua kibano, akanionyesha. Chini ya kibano, mahali jicho halifiki, mpira ulikuwa umechanika kiasi cha kupitisha kidole.

“Kaka, nani alikwambia hili gari lina njaa? Lilikuwa linakosa pumzi.”

Miezi mitatu hewa ilikuwa ikivujia njiani, na mimi naongeza mafuta. Dizeli ikipewa mafuta mengi na hewa kidogo, moshi wake hupanda joto. Mafundi waangalifu hawapendi kuona joto hilo, kabla ya turbo, likipita nyuzi 700 kwa muda mrefu. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na pistoni ni aluminiamu. Kuna kipimo cha kufunga kwenye bomba kinachosoma joto hilo papo hapo, kwani mshale wa maji huleta habari kama mjumbe wa msiba, baada ya mtu kufa. Sikukinunua. Kilikuwa ghali kuliko skurubu.

Tangu hapo nimewajua maadui wa skurubu, na lazima niwataje ili muwaepuke. Ni mpira wa turbo usiovuja, chujio safi la hewa, chujio jipya la dizeli, nozeli zilizopimwa, na valvu zilizosetiwa. Hawa ni watu wa kawaida sana. Hawapigi kelele wala hawatoi moshi, na wana fitina moja mbaya: ukiwashughulikia wote kwanza, aghalabu unagundua kwamba gari halikupungukiwa nguvu, lilizibwa. Ukishagundua hivyo, skurubu haina kazi. Ndiyo maana fundi mwenye haraka huwaruka wote na kwenda nyuma ya pampu moja kwa moja.

Nisiwasahau ndugu wa skurubu. Kuna kivalvu cha plastiki cha kupunguzia hewa ya tangi la samaki, ambacho watu huunga kwenye kimpira cha turbo ili kiidanganye kwamba presha bado haijafika. Kuna kiboksi cha magari ya kisasa, ambacho ukikifungua unaweza kukuta kipande kimoja cha ukinzani, kazi yake kuidanganya kompyuta kwamba presha ya mafuta ni ndogo. Ukoo huo unaishi kwa uongo. Skurubu peke yake ndiyo mkweli. Haijawahi kuahidi hewa. Iliahidi mafuta, na mafuta ilileta.

Na tazameni ilivyolisha watu! Mwenye gari la kuvuta alikula. Mwenye mashine ya kusawazisha hedi alikula. Muuza gasketi alikula, akaniuzia na boliti nisizoziomba. Mama lishe wa jirani na gereji alinipikia siku nne, na siku ya tatu akaanza kuniita mteja wake. Robo tatu za mzunguko ziliingiza riziki katika nyumba ngapi? Ni mradi gani wa maendeleo uliofanya hayo kwa bisibisi?

Injini ilipofungwa, fundi wa Iringa akaenda nyuma ya pampu na tochi mdomoni. Akakaa huko muda mrefu.

“Kaka, kuna mistari minne hapa. Tukurudishie upi?”

Nikainama naye. Mitatu niliikumbuka. Wa nne sikuujua ulichorwa lini. Rangi ni ileile, unene ni uleule, kila mmoja umetulia kana kwamba ndio uliotoka kiwandani. Nikafikiria Kitonga, nikafikiria mabati ya shemeji, nikafikiria na zile daladala zilivyoniona mgongo.

“Rudisha robo,” nikamwambia. “Robo tu.”